Gradienti si zamu ya kutoka mlangoni: tusome Snyder na Dolan, halafu tusome upya silabusi zetu



Mu memwari yangu ya lisansi kuna ukurasa mmoja ambao leo sipendi kuufungua mbele ya mtu. Kichwa chake kinasema: «Kitu kisichojulikana». Nilikuwa nimetumika juu ya kahawa arabika ya Kivu, parche iliyokaushwa kwa njia mbili: kwenye meza, na kwenye bashi chini. Sisi hatukuwa na mashine ya kromatografia, kwa hiyo sampuli zilitumwa mbali, na baada ya miezi zikarudi kama ripoti: jedwali, mistari mitatu ya maelezo, na kromatogramu moja nzuri yenye rangi. Piki ya trigonelini iko pale, piki ya kafeini iko pale, piki za asidi klorojeniki ziko pale. Halafu kule mwishoni, dakika ya 24, piki moja ndefu, nyembamba, safi, haina jina.

Nikaandika juu yake ukurasa mzima. Nikasema labda inatoka kwenye uchachu wa kahawa. Nikasema inastahili utafiti zaidi. Juri wakatikisa kichwa kwa kukubali, na mi nikashuka na pointi nzuri.

Miaka miwili mbele, dada mmoja wa kemia, aliyenitangulia promosio mbili, akaiona ile kromatogramu kwenye simu yangu. Akauliza neno moja tu:

«Mudogo wangu, blanko iko wapi?»

«Yaya, blanko gani?»

«Mbio ya mashine bila kahawa. Gradienti ile ile, dakika zile zile, lakini ndani wanapiga sindano ya solvanti tu.»

Niliandikia ile labo. Wakanitumia blanko bila matata, kwa heshima kabisa. Hakuna trigonelini, hakuna kafeini, hakuna klorojeniki. Lakini kule dakika ya 24, piki yangu iko pale, imesimama. «Kitu kisichojulikana» kilikuwa uchafu wa maji yao. Kahawa ya wakulima wetu haikuhusika hata kidogo.

Sitaki kulaumu labo, nilichoomba walinipa. Njo maana nilikwenda kutafuta kitabu chenye kuitwa *High-Performance Gradient Elution*, cha Lloyd Snyder na John Dolan, kilichotolewa na Wiley mwaka wa 2007. Nimekisoma kwa kukiazima, polepole, na kamusi pembeni. Leo nataka kusema kinafanya nini vizuri, kinatuacha wapi, na juu gani nafikiri silabusi zetu zinatufundisha picha yenye kutudanganya.

Tuanze mwanzoni kabisa

Aliyeanzisha kromatografia alikuwa mtu wa mimea kama sisi. Mikhail Tswett, mtaalamu wa botania, akiwa Warsaw, alichukua rangi za majani, akazipitisha kwenye bomba la kioo lenye unga wa chokaa, na akaona rangi zinaachana: kijani huku, njano kule. Mwaka wa 1906 njo aliandika jina kromatografia. Kitu chenyewe ni kile kile mpaka leo: kuna kitu kilichokaa (unga ndani ya kolone) na kuna kitu chenye kutembea (solvanti). Kila molekuli inagawanya wakati wake: inashika kidogo kwenye unga, inatembea kidogo na solvanti. Yenye kushika sana inachelewa kutoka.

Kolone nyingi za leo, zile zenye kuitwa C18, unga wake umevalishwa kama koti la mafuta. Molekuli yenye kupenda maji haishiki. Yenye kupenda mafuta inashika. Solvanti ni mchanganyiko wa maji (tuite A) na asetonitrili ao metanoli (tuite B). Ukiongeza B, solvanti inakuwa na nguvu ya kubandua molekuli kutoka kwenye koti.

Sasa chukua kahawa. Trigonelini inapenda maji: inatoka karibu mara moja. Kafeini iko katikati. Kuna asidi klorojeniki za aina mingi, na zile zenye vipande viwili vya asidi kafeiki zinashika zaidi ya zile zenye kimoja. Ukitumia B kidogo, tuseme asilimia 5 bila kubadili, zile za mbele zinaachana vizuri lakini za mwisho zinaweza kukaa ndani masaa, na zikitoka, piki ni bapa kama kilima kilichochoka. Ukitumia asilimia 40, za mwisho zinatoka haraka lakini za mbele zote zinakimbia pamoja, huwezi kutofautisha. Kutembea na solvanti moja toka mwanzo mpaka mwisho kunaitwa isokratiki, na hapo isokratiki imekwama.

Dawa ni kuanza na B kidogo na kuipandisha polepole wakati mashine inatembea. Hiyo njo gradienti. Jina na njia yenyewe viliandikwa na Alm, Williams na Tiselius kutoka Uppsala, Uswidi, mwaka wa 1952.

Picha yenye kutudanganya

Mpaka hapo, silabusi na kitabu wanapatana. Matata inaanza kwenye sentensi inayofuata. Sisi tulifundishwa hivi, na nikiuliza wadogo walio kwenye oditware leo, wanafundishwaka vile vile: «Kila dutu inatoka wakati asilimia yake ya B inafika.» Kama watu wamepanga mstari mlangoni, kila mmoja na namba yake. Namba 15 ikiitwa, kafeini inatoka. Namba 30 ikiitwa, mwingine anatoka.

Ni picha nyepesi kukumbuka siku ya mtihani. Lakini inaficha jambo kubwa kuliko yote: molekuli inafanya nini *kabla* ya kutoka.

Snyder na Dolan wanatumia grafiki na hesabu kueleza. Mi nitaeleza kwa barabara, kwa sababu barabara tunaijua. Fikiri barabara ya matope kipindi cha mvua. Pikipiki, jipu na kamio, vyote vimekwama pa kuanzia. Jua linaanza kukausha, lakini linakausha kutokea nyuma, kule magari yalikoanzia, likisonga kwenda mbele. Pikipiki inatoka kwanza, juu kwake tope kidogo si kitu. Jipu linatambaa, halafu linaongeza mwendo kadiri chini yake panakauka. Kamio limekaa palepale muda mrefu, halijasogea hata metre moja. Halafu saa yake inafika, linaanza polepole, na baadaye linakimbia. Na wakati wanafika mwisho wa barabara, wote watatu wanakimbia karibu mwendo mmoja.

Mfano una mpaka wake: mu kolone, kinachoshika molekuli si uzito, ni kupenda mafuta. Lakini mambo matatu unayaona hapo ambayo picha ya mlango haikuonyeshi.

Jambo la kwanza: molekuli yenye kushika sana inakaa *imeganda kwenye kichwa cha kolone* sehemu kubwa ya wakati. Haiko njiani. Imekusanyika pale mwanzoni.

Jambo la pili: zikitoka, zinatoka na mwendo karibu sawa, njo maana piki za gradienti zina upana wenye kufanana toka mwanzo mpaka mwisho. Mu isokratiki piki ya mwisho inakuwa pana na fupi. Mu gradienti inabaki nyembamba.

Jambo la tatu: kwa sababu ukavu unatoka nyuma, gari la nyuma liko kwenye barabara kavu kidogo kuliko la mbele. Molekuli za mkia zinasukumwa zaidi ya molekuli za kichwa. Piki inabanwa kidogo.

Sasa rudi kwenye piki yangu ya dakika ya 24. Kabla ya kila sindano, mashine inapitisha A, maji karibu matupu, dakika nyingi ili kolone irudi kwenye hali ya kuanza. Kama maji yale yana uchafu kidogo wenye kupenda mafuta, ule uchafu unafanya nini? Unaganda kwenye kichwa cha kolone. Mililita baada ya mililita, unakusanyika. Halafu gradienti inaanza, uchafu wote uliokusanyika unabanduliwa pamoja na kutoka kama piki moja nyembamba, nzuri, yenye kushawishi. Uzuri wake njo ulinidanganya. Nilidhani uchafu lazima uonekane mchafu.

Mwenye picha ya mlango kichwani hawezi kuwaza jambo hilo. Kwake, kinachotoka kiliingia na sindano. Mwenye picha ya barabara anauliza mara moja: nani mwingine alikuwa amekwama pale kabla ya magari yangu kufika?

Kitabu kinafanya nini vizuri

Wazo kubwa la Snyder na Dolan ni moja, na wanalirudia kutoka sura ya kwanza mpaka ya mwisho: gradienti si mnyama mwingine. Ni isokratiki yenye kubadilika, na unaweza kuifikiria kwa kipimo kile kile tunachokijua, k. Ukisikia k ni 5, maana yake kwa kila dakika moja molekuli inatembea na solvanti, inakaa dakika tano imeshika. Kwa isokratiki tunatafuta k kati ya 2 na 10 hivi. Mu gradienti k inashuka kila wakati, kwa hiyo wanachukua k ya molekuli ikiwa katikati ya kolone, wanaiita k*. Ukiweza kuipata k*, unajua gradienti yako itakuwa nzuri ao mbaya kabla ya kumwaga hata tone moja la asetonitrili.

Hesabu yenyewe ni ya kalkulatris ya simu:

k* = 0,87 × dakika za gradienti × mwendo wa pompi ÷ (volimu ya ndani ya kolone × badiliko la B × S)

S ni namba yenye kuonyesha molekuli inajali kiasi gani ukiongeza B. Kwa molekuli ndogo kama zile za kahawa, chukua 4 na utakuwa karibu na ukweli. Maana ya 4 ni kwamba ukiongeza B kwa asilimia 10, k inashuka mara mbili na nusu hivi. Kwa protini S ni kubwa sana, njo maana protini ni kama mtu mwenye hasira: badiliko dogo la B na tayari ameondoka.

Tufanye mfano. Kolone ya kawaida, urefu milimita 150, upana wa ndani 4,6; ndani yake solvanti inachukua mililita 1,5 hivi. Pompi inatembea mililita 1 kwa dakika. B inatoka asilimia 5 mpaka 95, ni kusema badiliko la 0,9. Gradienti ya dakika 30. Ukipiga hesabu: 26,1 ÷ 5,4, unapata karibu 5. Vizuri. Ukipunguza dakika ziwe 10 bila kugusa kitu kingine, k* inaanguka mpaka 1,6, na piki zinaanza kupandana.

Sasa angalia mtego. Kwenye isokratiki, ukiongeza mwendo wa pompi mara mbili, kila kitu kinatoka mara mbili haraka, na mpangilio unabaki. Wanafunzi wanapelekaka wazo hilo kwenye gradienti. Lakini angalia hesabu: mwendo uko juu ya mstari. Ukiuzidisha mara mbili na kuacha dakika 30, k* inatoka 5 kwenda karibu 10. Umebadilisha utengano wenyewe, na piki mbili zilizokuwa mbalimbali zinaweza kukutana. Ukitaka utengano ubaki, lazima dakika zipungue ziwe 15. Vile vile kwa kolone: ukikata urefu mpaka milimita 50, volimu inakuwa 0,5, na dakika 10 zinatosha kukupa k* ile ile. Mtu akiweka kolone fupi na kuacha dakika 30, amelipa solvanti ya bure.

Mi hii sehemu ilinifurahisha kuliko zote, kwa sababu ni mara ya kwanza niliona gradienti kama kitu chenye kufikiriwa. Ku silabusi ilikuwa sentensi moja na mchoro wa mstari wenye kupanda.

Sura za mafundi

Sura za vifaa na za makosa njo zinapaswa kusomwa na kila mwenye kupokea ripoti, hata kama hatagusa mashine maisha yake yote. Nichukue mambo matatu tu.

Kuna ule umbali kati ya mahali A na B wanachanganyika na mahali kolone inaanza. Bomba, kichanganyio, sindano: vyote vina volimu. Gradienti ikiamriwa na kompyuta, haifiki kolone mara moja, inachelewa. Mashine za zamani zinaweza kuwa na mililita 2 ao zaidi, za kisasa nusu mililita ao chini. Kwa mwendo wa mililita 1 kwa dakika, mililita 2 ni dakika 2 za kuchelewa. Si mbaya. Lakini weka kolone nyembamba yenye kutembea mililita 0,2 kwa dakika: mililita zile zile 2 ni dakika *kumi* kabla gradienti haijagusa kolone! Njo maana mbinu iliyoandikwa kwa makini Ulaya, ukiifuata neno kwa neno kwenye mashine nyingine, inakupa kitu kingine. Mtu anasema «labo yetu haijui kazi», kumbe ni bomba. Na kulipima si matata: ondoa kolone, weka asetoni kidogo sana ndani ya B, panda kutoka 0 mpaka 100, na uangalie kwenye detekta mstari unaanza kupanda na kuchelewa kiasi gani.

La pili ni kurudisha kolone mwanzoni. Kanuni ya zamani inasema pitisha volimu kumi za kolone kati ya sindano na sindano. Kwa kolone yetu ni mililita 15, dakika 15. Unaweza kupunguza, lakini lazima muda uwe *sawa* kila mara. Leo dakika 8 kwa sababu umeme unataka kwenda, kesho dakika 20 kwa sababu ulikwenda kula: piki za mbele zitatembeatembea, na wewe utalaumu sampuli.

La tatu ni presha. Ukitumia metanoli na maji, presha inapanda katikati ya gradienti, karibu nusu kwa nusu, halafu inashuka. Mwanzilishi anaona sindano ya presha inapanda, anazima mashine, anasema kolone imeziba. Haijaziba. Metanoli na maji wakikutana nusu kwa nusu wanakuwa wazito kuliko kila mmoja peke yake. Ni tabia yao tu.

Na piki ya uchafu? Kitabu kinaeleza kabisa, na kinatoa kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kuomba: ongeza muda wa kupitisha A kabla ya sindano. Piki ikikua, inatoka kwenye A. Isipokua na blanko iko safi, hapo anza kufikiria sampuli yako. Mistari michache ya namna hiyo ingeniokoa ukurasa mzima wa aibu.

Kitabu kinatuacha wapi

Sitaki mtu afikiri nimepiga magoti mbele ya kitabu.

Kwanza lugha. Ni Kiingereza, zaidi ya kurasa 400, na sisi tumesoma kwa Kifaransa. Kiingereza chake si kigumu, lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi kuanzia pale. Na kinasema ni kwa matumizi, lakini alama zinajaa haraka: k, k*, S, fi, b. Kuna mahali nilisoma fungu mara nne. Nadharia ndefu wameiweka mwisho wa kitabu, na hapo wamefanya vema. Lakini hata sura ya pili inadai mtu asiyeogopa logaritimu.

Pili, kila mara matata yanapokuwa makubwa, waandishi wanakuelekeza kwenye programu ya kompyuta ya kukisia kromatogramu, kama DryLab, ambayo wao wenyewe walishiriki kuijenga. Ni kweli inafanya kazi: unafanya mbio mbili halisi, moja fupi na moja ndefu, na programu inakupa nyingine zote. Lakini inanunuliwa. Labo yenye kuhesabu chupa za asetonitrili haitanunua programu. Wangeweza kuonyesha umbali gani mtu anafika na jedwali la hesabu peke yake. Wanafanya hivyo kidogo tu, na kwetu njo sehemu yenye thamani.

Tatu, kitabu kinaishi mu dunia ambamo umeme uko, maji safi yako, na solvanti inakuja ukiiagiza. Hata dunia ile ilitikisika. Mwishoni mwa 2008, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, asetonitrili ilikosekana ulimwengu mzima, kwa sababu inapatikana kama mabaki ya kutengeneza akrilonitrili, na viwanda vilikuwa vimepunguza kazi. Labo za matajiri zilianza kuhesabu mililita kama sisi. Zilijifunza tena metanoli, kolone fupi, kolone nyembamba. Kitabu kina vifaa vyote vya kufikiri namna hiyo, ile hesabu ya k* njo yenyewe, lakini kubana matumizi si swali lake la kwanza. Kwetu ni la kwanza.

Nne, na hii ni heshima kwao: wanasema wazi kwamba modeli yao ni makadirio. Mstari wanaouchora ulionyooka, mu ukweli umejipinda kidogo. Silabusi yetu haijawahi kuniambia kwamba kitu ni makadirio.

Basi silabusi zetu

Nimewasikia wakubwa wakisema: «Mwanafunzi wa agronomia hana haja ya kujua hayo yote, hana mashine.» Mi naona ni kinyume. Mwenye mashine anaweza kukosa na kujaribu tena kesho. Asiye na mashine anapokea karatasi tu. Anachobakia nacho ni uwezo wa kuuliza. Tukinyimwa na picha sahihi, tumebaki na nini? Kutikisa kichwa kama juri yangu.

Na mambo si ya memwari tu. Mahindi na karanga zinapimwa aflatoksini kwa kromatografia. Mabaki ya dawa za wadudu kwenye mboga, vile vile. Mtu atasimama mbele ya ushirika wa wakulima na kusema «mzigo wenu umekataliwa», akiwa na karatasi mkononi. Huyo mtu mara mingi atakuwa mmoja wetu. Mkulima atauliza: «Engenya, uko hakika?» Mi siku ile ya memwari ningejibu ndiyo, na ingekuwa piki ya maji.

Kwa hiyo, kama una ripoti mkononi ao unatuma sampuli wiki ijayo, omba haya, kwa adabu, kwa maandishi:

1. Blanko ya gradienti, siku ile ile, mashine ile ile.
2. Jedwali la gradienti: dakika na asilimia ya B, pamoja na muda wa kurudisha kolone mwanzoni.
3. Urefu na upana wa kolone, na mwendo wa pompi. Ukiziunganisha na jedwali la gradienti, unaweza kupiga k* kwenye simu.
4. Kromatogramu ya vitu vya kulinganishia, ili ujue jina la piki linatoka wapi.
5. Sindano mbili ao tatu za sampuli moja, uone kama dakika zinabaki mahali pamoja.

Labo nzuri haitakasirika. Ile yangu haikukasirika. Ilinijibu ndani ya siku chache. Aliyechelewa miaka miwili kuuliza ni mimi.

Na kwa ma-asista wenye kusoma hapa: ile sentensi ya «kila dutu na asilimia yake» muitoe. Wekeni barabara ya matope, ao mfano wenu bora kuliko wangu. Halafu wapeni wanafunzi hesabu ya k* na kolone tatu tofauti, wapige na simu zao. Haihitaji mashine, haihitaji hata umeme.

Memwari yangu bado iko mu biblioteki, na ukurasa ule bado uko ndani. Nimeomba ruhusa ya kubandika karatasi ndogo pale: «Kitu kilichoelezwa hapa kiko pia kwenye blanko. Tazama maji ya A.» Sijapata jibu. Lakini kama wewe ni mdogo wangu unayetumika juu ya kahawa, na umeanza kuinakili ile sehemu, tafadhali simama hapo.